Mgongo wa Pak Tumiran

Pak Tumiran alipima magunia ya sukari katika kiwanda kimoja cha Kediri tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka zikawa nyeupe kama mzigo wenyewe, na muda wote huo hakuna aliyegeuka kumtazama akipita. Nyumbani alisikilizwa na binti yake Endah mpaka Endah akaolewa akahamia Borneo, na baada ya hapo alisikilizwa na kuku. Mkewe, Bu Mursiti (kwetu Bu ni mama, kama Pak ni baba), alikuwa na kazi nyingi. Hakuwa na nafasi ya kusikiliza.

Alipostaafu akaipata baiskeli. Ilikuwa ya Kiholanzi, nyeusi, nzito kama ng'ombe mwenye mimba, na ilikuwa imekufa zamani katika banda la kuku la binamu yake. Aliisugua, akaipaka mafuta, akaifungia taa na kengele, akaipa hata jina la heshima, kama tunavyoyapa majambia ya mababu zetu. Akaiita Kyai Gludug, yaani Mzee Radi. Kisha akajiunga na chama cha baiskeli kuukuu, na hapo ndipo alipoharibika.

Katika vyama hivi vyetu mtu haendeshi na shati la kawaida. Anavaa magwanda ya wapigania uhuru, kofia ya pembeni, nishani za kununua sokoni, na bunduki ya mti begani. Pak Tumiran alizaliwa risasi zimenyamaza siku nyingi, na kitu pekee alichowahi kupigania maishani ni nafasi ya kivulini kwenye maegesho ya kiwanda. Lakini sare ni sare. Watoto walianza kumpigia saluti, akina mama wakaomba kupiga naye picha, na kichwa kikamvimba. Alianza kutembea kama mtu aliyesahau kwamba vita hakuviona.

Basi akatangaza kwamba angeendesha Kyai Gludug kutoka Kediri mpaka Jakarta, kwenye mkutano mkubwa wa baiskeli kuukuu wa nchi nzima. Chama kikachapisha bango lenye uso wake, likatundikwa penye kibanda cha kahawa. Ndugu na majirani wakaitwa kwenye karamu ya kumwombea dua, wakala wali wa manjano na kuku, na Pak Tumiran akatoa hotuba ndefu kiasi kwamba imamu alisinzia. Alipomaliza, Bu Mursiti akatoka jikoni na mikono imelowa, akasema mbele ya watu wote.

"Nenda, Baba Endah. Ila siku upepo utakapokuingia, unapanda basi, unarudi."

Hapa lazima niseme jambo moja, ingawa kwetu hata mtoto analijua. Sisi watu wa Java hatuuawi na kisukari wala na moyo. Tunauawa na upepo. Upepo huingia mwilini kwa mlango wowote: ukinyeshewa, ukilala na feni, ukichelewa kula. Ukishaingia, tumbo linajaa, meno yanagongana, shingo inakuwa ubao. Dawa yake ni sarafu nene na mafuta ya kuchua. Unalala kifudifudi, mtu anakukwangua mgongo mpaka itoke mistari myekundu kama miiba ya samaki, unapiga mbweu, unapona. Daktari akikwambia vingine, msikilize kwa adabu, kisha nenda nyumbani ukakwanguliwe.

"Nani atakukwangua huko njiani?" aliendelea Bu Mursiti. "Mgongo haujikwangui. Kila jioni nitakupigia simu ya video, unafunua shati, unageuka, naona. Nikiona mstari mmoja tu, safari imekwisha. Apa."

Watu walicheka mpaka imamu akaamka. Pak Tumiran, akiwa na nishani zake zote kifuani, angefanya nini? Akaapa.

Na kweli, kila jioni baada ya Magharibi simu ililia. Nganjuk alifunua shati. Ngawi alifunua shati. Solo alifunua shati barazani kwa watu, na wenyeji walipomwangalia kwa mshangao akawaambia, "Mama Endah huyu, bila kuniona halali." Ndivyo alivyolitafsiri jambo lenyewe. Mtu akishajiona shujaa, hata akikaguliwa kama mbuzi wa mnada hudhani anasifiwa.

Mkosi ulianzia mteremko wa Ungaran, jioni ya kuingia Semarang. Mvua ilipiga kama iliyotumwa. Koti la mvua alikuwa nalo, limekunjwa vizuri kwenye keria, lakini koti la mvua linafunika nishani, na kando ya barabara palikuwa na watu waliojikinga vibandani wakimtazama. Basi akateremka mlima bila koti, akipiga kengele, akiloa mpaka soksi. Watu wakampungia. Alifurahi sana.

Mwenyeji wake Semarang alikuwa Pak Gunadi, mwenyekiti wa chama cha hapo, mstaafu wa reli, mtu mnene, mcheshi, na mkarimu kupita kiasi, yaani hatari. Pak Tumiran alikuwa ameipanga siku yake ya mapumziko kwa akili: kulala, kuamka, kula, kulala tena. Lakini katika vyama hivi mgeni anayepumzika mjini kwako haachwi peke yake hata dakika. Ukimwacha alale, kesho itasemwa mpaka Jakarta kwamba Semarang ni wachoyo. Kwa hiyo kabla jua halijatoka, mlango uligongwa.

"Pak Tumiran! Umelala vizuri?"

"Vizuri sana, Pak."

"Basi vaa magwanda. Vijana wanakusubiri nje."

Vijana wote walikuwa na wajukuu. Walikuwa wamejipanga na baiskeli zao, bendera zinapepea, bunduki za mti begani.

"Nilidhani leo…" alianza Pak Tumiran.

"Mapumziko, ndiyo! Tunazunguka tu mjini, polepole. Hata si kuendesha huko."

Kwetu mtu mwenye malezi hasemi hapana waziwazi. Husema ndiyo, kisha anaumia. Pak Tumiran alisema ndiyo, akapandisha makalio yake yaliyochubuka juu ya Kyai Gludug, akapumzika kwa kuzunguka Semarang nzima. Alipigwa picha mbele ya jengo la kale la Lawang Sewu akilenga bunduki madirishani. Alipigwa picha Mji Mkongwe, ambako maji ya bahari yalikuwa yamepanda barabarani kama kawaida yake, na Pak Gunadi akaona itapendeza sana mgeni akipita ndani ya maji. Akapita. "Mara moja tena, Pak, ulifumba macho!" Akapita tena. Suruali ikamkaukia mwilini. Kisha wakamlisha lumpia, yaani sambusa ndefu za machipukizi ya mianzi, wakamlisha tofu na kamba wa kukaanga, na juu ya yote wakammiminia glasi baada ya glasi ya maji ya nazi yenye barafu, kwa sababu mgeni glasi yake haikauki.

Mbweu ya kwanza ilimtoka alasiri, katikati ya picha. Ya pili ikafuata mbele ya msikiti. Waliporudi kwa Pak Gunadi jua lilikuwa bado kali, jiji lote linatokwa jasho, na yeye meno yanagongana.

Pak Gunadi alimtazama, uso ukamng'aa. Ukarimu wake ulikuwa umepata kazi mpya.

"Ee, wewe umeingiwa na upepo!"

"Hata kidogo, Pak. Ni lumpia tu."

"Lumpia gani inatetemesha meno? Mama! Lete ile sarafu ya babu, na mafuta!"

"Hapana, Pak, msijisumbue."

Hapo alijimaliza mwenyewe. Kwetu mgeni akikaribishwa chai hukataa mara mbili ndipo anywe. Asiyekataa ni mroho. Kwa hiyo hapana yake ya kwanza ilipokelewa kuwa ni adabu, na ya pili kuwa ni adabu kubwa zaidi, na ilipotoka ya tatu, ya kweli, ya mtu anayezama, alikuwa keshavuliwa shati na kulazwa mkekani. Pak Gunadi alimkalia kando akakwangua kwa nguvu za mtu aliyefanya kazi reli.

"Mwone! Mweusi tii! Si mwekundu huu, ni zambarau! Ulikuwa na upepo wa kuendesha tanga, bwana!"

Nani atamlaumu Pak Tumiran? Sarafu ilipopita mara ya tano mwili wote ulilegea. Alipiga mbweu moja ndefu iliyomtoa paka mlangoni, akalala usingizi aliokuwa akiuota tangu Kediri. Aliamshwa na adhana ya Magharibi, akajinyoosha, akatabasamu, kisha akakumbuka simu.

"Pak Gunadi," alisema, sauti haipo. "Nimekwisha."

Akamweleza yote: karamu, kiapo, ukaguzi. Pak Gunadi alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini alipomwona mwenzake hacheki, akakaa chini. Alilifahamu bango. Na yeye alikuwa nalo lake, sebuleni. Mtu aliyeagwa kwa bango akirudi kwa basi, na baiskeli juu kati ya matenga ya kuku, kibanda cha kahawa kitaishi kwa hadithi hiyo mpaka wajukuu.

"Sikiliza," alisema Pak Gunadi, akaanza kufungua vifungo. "Mwonyeshe wangu."

"Wako?"

"Mgongo si mgongo? Wangu msafi, haujaguswa mwezi huu. Na sisi tumenenepa palepale. Punguza taa, mimi nasimama ukutani, wewe unashika simu. Sekunde mbili, kwisha."

"Mama Endah atajua."

"Mwanamke gani anajua mgongo? Wangu mimi nilinyoa masharubu, akakaa wiki nzima hajaona!"

Alipotoka msalani kutawadha na kumaliza kuswali, Pak Tumiran alikuwa amekwisha kujishawishi kwamba mpango ni mzuri. Aliivaa sare upya, nishani na zote. Simu ikalia.

Bu Mursiti alitokea kwenye kioo amejifunga shuka mpaka shingoni, vibandiko viwili vya dawa kwenye panja, kama jana, na kama juzi.

"Umeshinda salama? Sauti yako imekauka."

"Salama kabisa! Leo nimepumzika, Mama Endah. Nimelala tu mchana kutwa. Semarang wananiheshimu sana, wanasema hawajapata kuona—"

"Geuka."

"Haya, nafunua shati, nageuka hivi."

Akaigeuza simu. Ukutani, katika mwanga hafifu, mgongo wa Pak Gunadi ulisimama imara, mpana, hauna doa. Pak Tumiran alihesabu moyoni moja, mbili, akataka kuirudisha simu.

"Acha hapo," ilisema simu. "Sogeza taa."

Pak Tumiran akaisogeza. Pak Gunadi alianza kutokwa jasho la mgongo.

"Samahani, Pak," alisema Bu Mursiti, sasa kwa sauti ya adabu kabisa, ile ya kusemeshea wageni. "Mwenye huo mgongo, tafadhali vaa shati, usije ukaingiwa na upepo bure kwa sababu ya mume wangu."

"Ndiyo, Bu," alisema Pak Gunadi ukutani. "Asante, Bu."

"Na wewe, Baba Endah, hapo nyuma ya simu. Jitokeze."

Pak Tumiran alijitokeza. Sijui kama umewahi kumwona mpigania uhuru ameshikwa akiiba nazi.

"Umejuaje?" Hilo ndilo swali lililomtoka. Si samahani.

"Nimejuaje! Chini ya bega la kushoto una kovu la jipu, lile la mwaka Endah alipoanza shule. Kiunoni una vidoti viwili, kimoja kina unywele. Mfupa wa nne umetoka kidogo kwa sababu ya magunia. Sarafu ikifika pale naipitisha pembeni, maana unalia. Nimekukwangua miaka thelathini, nisiujue?"

"Mama Endah, nakuomba. Jakarta imebaki kidogo tu. Watu wameniweka kwenye bango. Nikirudi kwa basi—"

"Nani kakwambia urudi?"

Pak Tumiran akaisogeza simu karibu na uso.

"Nenda zako Jakarta. Nilikuapisha kwa sababu niliogopa utaumwa njiani na mkono wa kukukwangua hakuna. Naona mikono ipo, na hata migongo ya akiba ipo. Basi, sina shida tena."

Ungemwona alivyopata nafuu! Mabega yalirudi mahali pake, nishani zikalia. Alikuwa amekwisha kufungua kinywa kumshukuru kwa hotuba, na nadhani ndani yake Kyai Gludug angetajwa, mkewe alipokohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, cha kifuani. Alipokimaliza akasema taratibu, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira.

"Umeniona jana, juzi na siku ya kabla yake na hivi vibandiko. Hujauliza."

"Nilidhani… joto."

"Nilivaa shuka kwa joto? Upepo umeniingia tangu siku uliyoondoka. Vyombo vya karamu yako niliviosha kisimani, mvua inanipiga, mpaka usiku. Nimelala siku zote hizi. Yu Parsih wa jirani ndiye anayekuja kunikwangua. Jana akaniuliza, 'Mama Endah, mumeo huwa anaanzia wapi, juu au chini, ili nisikuumize?' Nikamwambia huwa anaanzia juu. Nikamwambia una mkono mwepesi sana."

Pak Gunadi, aliyekuwa akitafuta tundu la mkono wa shati, aliacha kutafuta.

"Nimekudanganyia, Baba Endah. Niliona aibu. Si aibu yangu."

"Ungeniambia tu, ningekukwangua."

"Lini? Ukiumwa wewe unalala. Nikiumwa mimi unaenda kula kwa binamu yako." Alikohoa tena. "Husemi siku zote kwamba ukiwekewa baiskeli mia gizani, utapapasa tu, yako utaijua? Haya. Ukiletewa migongo miwili, wangu na wa mwingine. Utaujua?"

"Ningeujua!"

"Una nini?"

Pak Tumiran alimtazama Pak Gunadi. Pak Gunadi aliitazama sakafu. Pak Tumiran alijaribu kukumbuka. Aliona kanga ya mkewe iliyofungwa kifuani akitoka kuoga, aliona kanga ileile kwenye kamba, aliona nywele zimefungwa kwa kitana. Mgongo wenyewe haukuja.

"Una ngozi nzuri," alisema.

Bu Mursiti alicheka, mpaka kicheko kikawa kikohozi, na kikohozi hakikuisha, na kioo kikazima.

Pak Tumiran alikaa mkekani. Bila kujua anafanya nini, alianza kufungua nishani moja moja akizipanga magotini. Moyo ulimuuma, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu hakujali kama kuna anayemwangalia. Kisha akapiga simu yeye. Safari nzima hakuwa amepiga hata mara moja. Alikuwa akingoja kupigiwa. Ikalia sana. Aliyepokea alikuwa Yu Parsih, na kwa haraka alikuwa ameielekeza simu darini.

"Ndiyo, Pak? Niko naye hapa, amelala kifudifudi, mikono yangu ina mafuta. Una la haraka?"

"Yu Parsih… hali yake?"

"Mgongo wote mwekundu, Pak. Homa bado. Nikifika huku chini analia, hataki kusema panauma wapi. Kwani ni hapa ndipo anapoumwa siku zote?"

"Sijui," alisema Pak Tumiran.

"Hujui?"

"Sijui, Yu. Mwambie kesho napanda basi. Mwambie narudi."

Yu Parsih aliufikisha ujumbe, ingawa hapakuwa na haja, maana chumba ni kidogo. Sauti ya Bu Mursiti ikatoka ndani ya mto wa kulalia, imefunikwa, imechoka.

"Anarudi kufanya nini? Amepata upepo tena?"

"Nije nikukwangue wewe," alisema Pak Tumiran. Lakini Yu Parsih alikuwa amekwisha kuikata simu ili amalize kazi, na aliyeyasikia maneno hayo ni Pak Gunadi peke yake, aliyesimama pale na shati lake mkononi.